Kabla Hujaongea na Mti, Bisha Hodi

Ukitaka kufanya kazi na roho za mimea, kwanza vaa viatu visivyoogopa tope. Wanafunzi wengi wa uchawi wa kisasa huanzia dukani, kwenye mishumaa, kadi za tarot na vifurushi vya majani makavu vilivyofungwa uzi mwekundu. Hutoka humo mfuko ukiwa mtupu, na bado hawajauona mmea hata mmoja uliosimama juu ya mizizi yake. Roho ya mmea, kwa anayeiamini, haikai kwenye kifurushi. Inakaa mmea unapokaa. Toka nje.

Njia ninayoizungumzia ni ya wale wachawi wa Uingereza na Marekani wanaojiita wachawi mchana kweupe, wenye vitabu, sherehe za mwezi mpevu na kabati la mitishamba jikoni. Ukiishi London au Minneapolis, huenda mfanyakazi mwenzako ni mmoja wao. Dini yao ni changa kuliko wengine wao wanavyopenda kusema. Sheria ya Uchawi ya Uingereza ya mwaka 1735 ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner, afisa mstaafu wa forodha aliyefanya kazi Malaya, akachapisha Witchcraft Today, kitabu kilichoitangaza dini hiyo, iitwayo Wicca. Mwaka 1985 Scott Cunningham wa San Diego akatoa kamusi ya mitishamba ya kichawi yenye mimea zaidi ya 400, kila mmoja na sayari yake, jinsia yake na nguvu zake. Habari za sayari zilikuwa zimetangulia kwa mbali. Nicholas Culpeper, tabibu wa London wa karne ya 17, alikwisha kugawia mimea ya Uingereza sayari zake. Uchanga wa dini si kosa. Kosa ni kusoma kwamba mmea fulani ni wa Zuhura ukadhani umeshajuana nao.

Anza na jina, na jina lenyewe liwe la Kilatini. Mandragora officinarum ndio mmea uliotisha Ulaya kwa karne nyingi, kwa sababu mzizi wake hufanana na mtu, na ilisemekana kwamba ukiung'oa hupiga ukelele wa kuua, kwa hiyo mbwa ndiye aliyefungwa kamba auvute. Kwa kuwa mzizi huo ulikuwa ghali, walaghai wa Uingereza walichonga mizizi ya mmea mwingine uitwao bryonia, wakaitia sura ya mtu, wakaiuza. Marekani nako kuna Podophyllum peltatum, ambao watu huuita mandragora wa Marekani ingawa hauna undugu wowote na ule wa Ulaya, na sumu yake ni nyingine kabisa. Ukiita roho kwa jina la jirani yake, usishangae akija jirani.

Jina ukilipata, kaa na mmea. Usichume, usipige picha, usiseme neno. Kaa msimu mzima ikiwezekana, uone unapotoa jani la kwanza, mdudu gani anautembelea, unafunga maua saa ngapi. Katika mkusanyo wa tiba wa Waingereza wa kale uitwao Lacnunga, ulioandikwa miaka elfu moja hivi iliyopita, kuna kinga ya mitishamba tisa ambamo mganga anausemesha mmea wa kwanza ana kwa ana na kuukumbusha mambo uliyoyafanya. Mmea huo ni Artemisia vulgaris, wa jamii moja na pakanga. Mtu hawezi kuukumbusha mmea matendo yake kama hakuwahi kuyashuhudia.

Na mimea inasema, ila lugha yake ni harufu. Mwaka 1990 Edward Farmer na Clarence Ryan, watafiti waliofanya kazi Marekani, waliweka matawi ya Artemisia tridentata pamoja na miche ya nyanya ndani ya chombo kilichofungwa. Nyanya zilipokea kemikali iliyotoka kwenye matawi hayo kupitia hewani, zikaanza kutengeneza protini za kujikinga na wadudu, ilhali hakuna mdudu aliyezigusa. Hilo linanigusa zaidi kuliko simulizi maarufu ya Cleve Backster, mtaalamu wa mashine ya kupimia uongo, aliyeifunga dracaena nyaya mwaka 1966 akasema imeshtuka alipowaza kuichoma moto. Wanasayansi wengine waliporudia majaribio yake katika maabara na kutangaza matokeo mwaka 1975, hawakuona kitu. Basi mmea usiufunge waya. Unuse.

Sasa ombi la kuchuma, na hapa nataka tukae zaidi, maana wengi huharibu papa hapa. Mswahili ana adabu inayofaa kuliko kitabu chochote cha Wicca: hodi hubishwa mara tatu, na asiyeitikiwa hurudi alikotoka bila kuchungulia dirishani. Wadenmark wa zamani walifanya hivyohivyo mbele ya mti waliouita hyld, Sambucus nigra. Ndani yake aliishi Hyldemor, mama wa mti, na mkata kuni alisimama akamwomba ukuni. Hans Christian Andersen alimtungia hadithi mama huyo. Aliyekata bila kuomba alitarajia balaa, na kitanda cha mtoto kilichoundwa kwa mbao za mti huo kilisemekana kumsumbua mtoto usiku kucha. Kwetu, katika misitu ya kaya za Wamijikenda, pwani ya Kenya, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, mtu haingii na panga lake kukata mti apendavyo. Ruhusa iko kwa wazee. Sehemu za misitu hiyo zimesalia katikati ya mashamba na machimbo kwa sababu ya ruhusa hiyo.

Utajuaje kwamba umeitikiwa? Wanafunzi hufumba macho na kungoja sauti. Mimi nakushauri uyafumbue. Mmea ukiwa peke yake mahali hapo, jibu ni hapana. Ukiwa umejaa nyuki, jibu ni hapana mpaka nyuki wamalize. Ukiwa umenyauka kwa jua, jibu ni hapana, na wewe ndiye unayedaiwa maji. Ukiwa umetapakaa bonde zima, umeshamwaga mbegu na bado unachipua, huenda umekaribishwa. Robin Wall Kimmerer, mtaalamu wa mimea na mtu wa taifa la Potawatomi, alieleza mwaka 2013 katika kitabu chake Braiding Sweetgrass utaratibu wa kuvuna ambao watu wa asili wa Amerika Kaskazini wamerithishana: omba, usichukue mmea wa kwanza unaouona, usichukue wa mwisho, usizidishe nusu, chukua unachohitaji tu. Anayeacha ule wa kwanza hawezi kamwe kuchuma wa mwisho bila kujua. Sijaona kanuni ya kichawi iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini kuna nyumba ambayo mwenyewe si mmea peke yake. Seji nyeupe, Salvia apiana, huota kwa asili kusini mwa California na kaskazini mwa Baja California, na hakuna kwingine duniani. Wachumash, Wacahuilla, Wakumeyaay na mataifa mengine ya pale huitumia kwa chakula, dawa na sala. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa kanuni zilizofanya ibada za watu wa asili kuwa makosa ya kuadhibiwa, na sheria ya kulinda uhuru wao wa dini haikupitishwa mpaka mwaka 1978. Miaka 40 baadaye, mwaka 2018, kampuni moja ya vipodozi ilitangaza kasha la mchawi anayeanza, bei dola 42, lenye kadi za tarot, jiwe la waridi na kifurushi cha seji nyeupe. Watu walilalamika, wachawi wenyewe wakiwemo, nalo likaondolewa kabla ya kuuzwa. Mwaka huohuo watu wanne walikamatwa katika hifadhi ya North Etiwanda, karibu na Los Angeles, wakiwa na takriban kilo 180 za majani hayo waliyoyavuna kinyume cha sheria.

Hapo ndipo ninapowataka wachawi wa kisasa wawe wakweli kwa imani yao. Kama unaamini mmea una roho, amini pia kwamba roho hiyo ilishuhudia ulivyong'olewa. Iliona gari lililokuja usiku. Inawajua waliokuwa wakiombea mahali hapo kabla ya gari kuja. Huwezi kununua ushahidi huo kwa dola chache, ukauwasha sebuleni, ukauita utakaso.

Nasi wa pwani tusijitoe. Ubani tunaoutia kwenye chetezo ni utomvu wa miti ya Boswellia, na wachawi wa Ulaya wanaupenda vilevile. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza misitu ya Boswellia papyrifera ya Ethiopia, Eritrea na Sudan walionya kwamba mavuno ya ubani yanaweza kupungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Mifugo na moto vinamaliza miche michanga, na miti mikubwa inachanjwa mno. Muuza ubani aulizwe ulikotoka. Swali hilo likiulizwa na wateja wengi, litamfikia anayechanja.

Sasa sumu, na hapa sina utani hata kidogo. Wapo wachawi wanaoifuata wanayoiita njia ya sumu, wakitamani kuijua roho ya Atropa belladonna kwa kuila au kujipaka, eti ndivyo wachawi wa kale walivyoruka. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliupa mmea huo jina la Atropos, yule mungu wa Kigiriki anayekata uzi wa uhai. Onyo gani tena unalitaka? Atropini iliyomo huzuia kemikali ambayo neva hutumia kupashana habari: kinywa hukauka, mboni hutanuka, moyo hukimbia, na mtu huzungumza na watu ambao hawapo chumbani. Aliyekwenda kutafuta mazungumzo amezima mazungumzo ndani ya mwili wake mwenyewe. Kiasi cha sumu hubadilika kutoka mmea hadi mmea, hata kutoka jani hadi mzizi, kwa hiyo hakuna kipimo cha kitabu cha kale kinachoweza kuaminika.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Ulaya kukutana na jamii hiyo. Mnanaha unaoota kando ya majalala una sumu zilezile. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na baadhi wakafa baada ya kula uji wa msaada ulioingiwa na sumu hiyo. Wale hawakuwa wakitafuta roho yoyote. Walikuwa na njaa.

Mmea wenye sumu una mlango wake pia, ila njia ya kuufikia ni ndefu. Mwaka 1775 William Withering, tabibu wa Uingereza, aliulizwa kuhusu dawa ya bibi mmoja wa Shropshire, mchanganyiko wa mitishamba 20 au zaidi uliotibu uvimbe wa mwili. Aling'amua kwamba kazi ilifanywa na mmoja tu, Digitalis purpurea. Akaufuatilia, akiandika kila mgonjwa, waliopona na walioharibikiwa, na hakuchapisha kitabu kuuhusu mpaka mwaka 1785. Miaka 10 ya kusikiliza, na alikuwa amesomea kazi hiyo. Wewe uliyejifunza juzi, belladonna ichore. Iandikie barua. Isomee dua kutoka upande wa pili wa ua, kisha nenda kapike.

Kuhusu sadaka nitasema machache. Huko Munlochy, Scotland, watu hufunga vitambaa kwenye miti iliyo kando ya chemchemi, na imani yao ni kwamba kitambaa kikioza na ugonjwa unaisha. Ukifunga cha nailoni, huo ugonjwa utakuwa wa miaka mia. Sarafu zilizopigiliwa kwenye gome na nta ya mshumaa juu ya mizizi havimfaidii yeyote. Jumuiya ya Findhorn, iliyoanzia kwenye kambi ya makaravani kaskazini mwa Scotland mwaka 1962, ilipata sifa ya kabeji kubwa ajabu zilizoota penye mchanga, na Dorothy Maclean, mmoja wa waanzilishi, alisema roho za mimea zilikuwa zikimwelekeza. Wakati huohuo mwenzao Peter Caddy alikuwa akibeba mboji, mwani na samadi ya farasi. Roho yoyote ya mmea itapokea samadi.

Na ukitaka moshi wa kusafishia nyumba, nunua mche wa rosmari. Mwaka 2017 wataalamu wa mimea waliuhamishia katika jenasi ya Salvia, kwa hiyo sasa ni ndugu rasmi wa seji nyeupe, na ukiuchoma humwibii mtu. Uweke penye jua, usiuzamishe kwa maji, uache ushike mizizi sawasawa, ndipo uombe kijitawi kimoja. Ukikuta kifurushi cha seji nyeupe dukani, muulize muuzaji kimelimwa na nani na wapi. Asipoweza kujibu, kirudishe kwenye rafu.