Binti Haposwi Mpaka Viza Itoke

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mtu mmoja tu angeweza kwenda Marekani upesi, naye hakutaka. Ni mama mkwe. Wifi yangu alikwenda Columbus, Ohio, kusomea uuguzi, akapata kazi, akabaki. Alipopata uraia wa huko mwaka 2007 alituma maombi mawili: la mama yake, na la mdogo wake, yaani mume wangu. Mzazi wa raia wa Marekani hapangwi foleni. Sheria haimwekei ukomo wa idadi kwa mwaka, na makaratasi yakiwa sawa husubiri miezi, pengine mwaka na ushei. Ndugu ni habari nyingine kabisa. Kundi lao, linaloandikwa F4, limetengewa viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na humo humo wanahesabiwa mke, mume na watoto wanaofuatana na mwombewa. Wanaoombewa ni wengi kupita kiasi hicho, kwa hiyo kila ombi hupewa tarehe ya siku lilipopokewa, na mwenye ombi hukaa na tarehe yake mpaka waliomtangulia wamalizike.

Mama mkwe alipofahamishwa kuwa yeye ataitwa kwanza na mwanawe atafuata baada ya miaka, alimwambia binti yake kwenye simu, "Mimi nije nikae na theluji, nimlilie mwanangu aliye Tanga? Mtanichukua siku mtakayotuchukua sote." Ombi lake likaishia hapo.

Letu likabaki. Tarehe yake ni ya Oktoba 2007, na mume wangu aliiandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa kabati la nguo. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa yenye jedwali la tarehe, na iliyo kwenye mstari wa F4 ndiyo inayoonyesha foleni imefika wapi. Jedwali hilo haliendi na kalenda. Kuna miezi linasogea wiki moja, kuna miezi halisogei kabisa, na wakiona nafasi za mwaka zinakaribia kwisha hulirudisha nyuma. Watoto wetu walijua kulisoma wangali shule ya msingi. Wakirudi madrasa jioni, mmoja anauliza, "Baba, imesogea?"

Kuna jambo watu wa mtaani hawakulijua, wakadhani Wifi ametajirika akasahau kwao. Mwenye kibali tu cha kuishi Marekani hana haki ya kumwombea ndugu. Lazima awe raia, tena aliyetimiza miaka 21. Na Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Siku Wifi alipoapa kule, alikoma kuwa Mtanzania. Marehemu baba mkwe alikuwa ameacha kiwanja Kange, na wazee wa ukoo walipokaa kugawa, wakakumbushana kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 wakati huo haikumpa asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji, wakaona jina lake lisiingie kwenye hati. Ili aandike jina la mdogo wake kwenye foleni, lake lilitoka kwenye kiwanja cha baba yake. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Wifi, msikiuze." Hatukukiuza, na hatukukijenga vilevile, maana nani anayejenga mahali anapoondoka? Msingi uliochimbwa 2008 umeota michongoma.

Ndani ya nyumba mambo yalikwenda hivyo hivyo. Sakafu ya vigae, subiri. Dari la sebuleni, subiri. Bomba la uani, fundi aje alitie kiraka. Mume wangu alipopata nafasi ya kusimamia tawi la kampuni yake Mwanza aliikataa, kwa kuwa barua ya wito ingeweza kuja wakati wowote. Hiyo "wakati wowote" ilikuwa na umri wa mtoto anayebalehe.

Lakini vigae na bomba ni vitu. Kilichonitia uchungu ni binti yetu mkubwa.

Alizaliwa 1998. Mtoto huingia kwenye ombi la mzazi wake akiwa chini ya miaka 21 na akiwa hajaoa wala kuolewa. Mwaka 2019, akiwa ndio anatimiza hiyo 21, mshenga alikuja kutoka Pangani na barua ya posa. Kijana alikuwa na kazi bandarini, watu wao tunawajua, na binti mwenyewe alikuwa radhi. Tulikaa usiku na karatasi za sheria ambazo Wifi alitutumia. Ipo sheria iliyotiwa saini Agosti 2002 ya kuwalinda watoto wa namna hii: muda ambao ombi lilikaa mezani kabla ya kuidhinishwa hupunguzwa kwenye umri wa mtoto siku foleni inapomfikia. Ombi letu lilikaa miaka mitatu na miezi kabla ya kuidhinishwa, mwanzoni mwa 2011. Maana yake, kadiri maofisa walivyochelewa kulishika ndivyo watoto walivyozidi kupata nafuu. Binti yetu, kwa hesabu hiyo, angebaki mtoto mpaka afike miaka 24 na miezi. Ila asiolewe. Akifunga ndoa leo, kesho hayumo.

Mume wangu akamjibu mshenga kwa adabu zote, kahawa na tende vikiwa mezani: "Binti yetu haposwi mpaka viza itoke." Mshenga aliuliza itatoka lini. Sebule nzima ikatazamana.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 31 Januari, Rais Donald Trump alitia saini tangazo la kuongeza nchi sita kwenye orodha yake ya vikwazo vya kuingia Marekani, na Tanzania, pamoja na Sudan, ikafungiwa bahati nasibu ya green card. Shemeji yangu mdogo alikuwa amechaguliwa kwenye bahati nasibu ya mwaka huo huo. Wanaoijua wanajua kuchaguliwa si viza: wanachaguliwa wengi kuliko viza zilizopo, ambazo hazizidi 55,000, na ambaye hajapewa yake kufikia tarehe 30 Septemba nafasi yake hufa na mwaka. Joe Biden alilifuta tangazo hilo siku ya kwanza ya urais wake, Januari 2021. Kwa shemeji ilikuwa ni miezi minne baada ya maziko. Sasa ana bodaboda tatu Makorora na hapendi mtu amtajie habari hiyo.

Machi ya 2020 korona ikafunga huduma za viza duniani. Aprili likaja tangazo jingine la kuzuia wahamiaji wapya, ndugu wa raia wakiwemo, kwa siku 60. Likaongezwa, likaongezwa tena, mpaka Biden alipoliondoa Februari 2021. Na hapa pana kitu ambacho kila nikikifikiria nahisi tumeporwa. Viza za familia ambazo hazikutolewa mwaka ule hazikuwekewa familia zilizokuwa zikisubiri. Kwa mujibu wa sheria yao huhamia kwenye makundi ya ajira mwaka unaofuata, na zilihamia takriban 122,000. Binti yangu alikuwa sebuleni akihesabu miezi yake, na nafasi ambazo zingeisogeza foleni yake zilikwenda kwa waajiri.

Watu wa Pangani walingoja mwaka mmoja na zaidi, wakatuma salamu za heshima, kijana akaoa Muheza. Mwaka 2022 ulipokuwa unakwisha, binti yetu akavuka umri. Niliuliza kama basi angalau anaweza kubaki na tarehe yake ya 2007, apangwe upya akiwa mtu mzima. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 2014, kwenye kesi ya Scialabba dhidi ya Cuellar de Osorio, kwamba watoto wa hali yake hawabaki na tarehe ya mzazi. Ingebidi sisi tuhamie kwanza, ndipo tumwombee kwa ombi jipya na foleni mpya. Nilipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mama," akaenda kuanua nguo. Sijawahi kusikia neno zito kama hiyo sawa. Ameolewa tangu 2024, mumewe ni mwalimu mwenye utu, na wana mtoto. Namshukuru Mungu. Hata hivyo miaka ile aliyokatazwa kujibu posa ilikuwa yake, na hakuna ofisi inayoiweka kwenye hesabu.

Foleni ilitufikia 2025, karibu miaka 18 tangu iandikwe ile chaki. Yakaanza makaratasi. Ndugu wawili wanatakiwa kuthibitisha kwa vyeti vya kuzaliwa kwamba wamechangia mzazi. Cha Wifi kilikatwa zamani, cha mume wangu kilikatwa ukubwani, na jina la mama mkwe lilikuwa tofauti kwa herufi mbili. Tukaenda RITA, kwenye usajili wa vizazi, tukaapa kwa wakili, mama mkwe akatia dole gumba huku akisema hajawahi kuulizwa na mtu yeyote kama yeye ni mama wa wanawe. Polisi wakachukua alama za vidole kwa cheti cha tabia njema. Wifi kule akajaza hati ya udhamini, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa hesabu ya kaya yake pamoja na sisi wanne: mume wangu, mimi, kijana wetu wa 2003 na kitinda mimba. Ada ni dola 325 kwa kila kichwa na dola 120 za hati ya udhamini. Jumla dola 1,420, na hazirudishwi, iwe umepata au umekosa.

Juni mwaka huo Trump, aliyerudi madarakani, alikuwa ametangaza orodha mpya ya nchi 19. Burundi ilikuwemo, Tanzania haikuwemo. Tukashusha pumzi. Barua ya usaili ikaja, ya Januari 2026.

Nyumba ikaanza kuhama kabla yetu. Sofa zikaenda kwa jirani, friji kwa shangazi. Mpangaji akapatikana, baba wa watoto wawili, mtu wa reli, akalipa kodi ya mwaka mzima kama desturi ya hapa, na fedha hiyo ndiyo iliyolipia pasipoti na vipimo vya afya. Mama mkwe angehamia kwa shemeji mpaka Wifi amwombee tena. Mpangaji akaleta vitanda vyake mapema, tukavipanga chumba cha mbele.

Tarehe 16 Desemba 2025 orodha iliongezwa. Safari hii Tanzania ilikuwemo, pamoja na Zambia, Malawi, Nigeria na nyingine, kuanzia tarehe mosi Januari: viza zote za uhamiaji zimesimamishwa, na za matembezi na masomo pia. Wifi alipiga simu usiku wa manane wetu. Alikuwa analia na sisi tulikuwa hatujui kwa nini. Sababu iliyotolewa kwa nchi yetu ni wageni na wanafunzi waliopitisha muda wa viza zao kule. Nimeisoma na kuirudia. Mume wangu hajawahi kukanyaga Marekani. Kosa la waliokwenda wakakaa bila ruhusa limewekwa juu ya mtu aliyekaa kwake karibu miaka 18 akisubiri ruhusa, na jambo hilo si haki, nalisema waziwazi.

Usaili tulikwenda, maana barua haikufutwa. Walituhoji, wakachukua alama za vidole, wakatupa karatasi ya kukataliwa yenye namba ya tangazo. Tarehe 21 Januari likaanza zuio jingine la viza za uhamiaji kwa nchi 75, Tanzania ikiwemo, kwa hoja kwamba wahamiaji wake huenda wakawa mzigo wa misaada ya serikali. Kwa hiyo sasa milango ni miwili, na kufunguliwa mmoja hakutoshi. Ombi lenyewe halijafa. Limeidhinishwa na litakaa. Vipimo vya afya vitaisha muda na vitalipiwa upya.

Tulirudi Tanga kwenye nyumba yenye mpangaji. Kodi yake tulishaitumia, na yeye alikuwa na mkataba mkononi. Aliketi na mume wangu barazani, wakaongea mpaka adhana ya alfajiri. Akakubali vyumba viwili vya mbele kwa kodi ile ile, muda ukiongezwa kufidia. Sisi tukachukua vya uani, na jiko tunatumia pamoja. Mkewe na mimi tunapika kwa zamu. Ni watu wema, na watoto wao wanamwita mama mkwe bibi.

Mwezi uliopita kijana wetu aliomba kuzungumza na baba yake. Kuna binti Korogwe. Umri wa kijana wetu, kwa ile sheria, ulihesabiwa siku foleni ilipotufikia ukawa chini ya miaka 21, basi bado yumo kwenye ombi, ila akioa ndiyo basi. Mume wangu alimwomba siku mbili. Mimi sikungoja hizo siku mbili. Nilimwambia mume wangu mbele ya mama yake kwamba posa moja tulikwisha kuipeleka kwenye foleni, na ya pili haiendi. Mama mkwe akasema, "Mkamwana amesema."

Barua imepelekwa Korogwe Ijumaa iliyopita, na fundi ameitwa Kange kung'oa michongoma. Tulimpigia Wifi kumweleza kwamba kwenye karatasi zake sasa ahesabu watu watatu. Alinyamaza kidogo, akauliza mahari wametaja ngapi.