Karafuu, Maji ya Mkokoteni na Muhuri

Jumamosi. Nilikwenda Marikiti kununua karafuu za somo la kemia. Mbele yangu mama mmoja alikuwa ananunua viungo vya arusi, kila kimoja kwa kunusa, kutafuna na kurudisha. Ikaadhiniwa adhuhuri, muuzaji akaenda kuswali. Aliporudi, mama alianza upya na hiliki.

Jumapili. Shangazi alizikuta karafuu jikoni, akapika pilau. Nikamweleza kwamba ni za wanafunzi. “Si wanangu hao? Waje wale.” Nilinunua nyingine duka la jirani, kwa bei ya jirani.

Jumatatu. Mabomba ya maabara yalikuwa makavu, na mvuke wa karafuu haupoi bila maji baridi. Mwenye mkokoteni aliahidi saa nne. Mitungi ilifika saa nane, na barafu nikaiomba kwa muuza samaki. Chumba kikanuka changu.

Hata hivyo tulichemsha. Yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, huchemka kwenye nyuzi 254, lakini ukiichemsha pamoja na maji husafiri na mvuke hata kabla ya nyuzi 100. Kwanza yalitona maji meupe kama tui jepesi. Kisha kikaonekana kitone cha manjano, kikazama. Watoto wanaojua kwamba mafuta huelea walisukumana kutazama, kwani haya ni mazito kuliko maji. Mmoja alinusa akasema, “Mwalimu, kwa daktari wa meno!” Alisema kweli: matabibu wa meno huichanganya yujenoli na zinki oksidi kuzibia jino. Mtoto wa Mji wa Kale anayeijua karafuu kwa ulimi ana haki ya kujua kilichomo ndani yake. Kengele ililia kabla kitone cha pili hakijatulia.

Jumanne. Umeme ulipotea tangu asubuhi. Nikachagua jaribio lisilouhitaji: maji ya mchicha uliopondwa, chaki na spiriti. Kwenye duka la dawa foleni ilifika barabarani, na zamu yangu ilipofika muuzaji aliuliza nani kaumia. Nikamwambia hakuna. Akanifungia na pamba.

Chaki ilisimama kwenye spiriti, rangi zikaanza kupanda, manjano ikiachana na kijani polepole. Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea Mrusi, alieleza mbinu hiyo huko Warsaw mwaka 1903, akitumia unga wa chaki ndani ya mrija. Kila rangi ya jani hushikwa na chaki kwa nguvu yake, kwa hiyo kila moja hufika kwa wakati wake. Mkaguzi wa usafi aliingia katikati ya kazi, akataka ndoo zote ziondolewe mezani.

Jumatano. Muarobaini wa uani ulikwanyuliwa usiku; mtaani kuna homa. Sikulalamika, nilitaka mbegu, ambamo azadirakitini, kemikali inayowazuia wadudu kula, imo kwa wingi kuliko majanini. Kunguru walikuwa wamenitangulia.

Nilizopata niliziweka mezani na kuwasimulia. Mwaka 1959, kule Sudan, Heinrich Schmutterer aliona nzige wakila kila kitu isipokuwa muarobaini. Mwaka 1968 Butterworth na Morgan, Uingereza, wakaitenga azadirakitini kwenye mbegu. Umbo lake halikuthibitika mpaka 1985, na kuiunda maabara kulikamilika 2007, Cambridge, chini ya Steven Ley. Miaka 17 kuijua, 22 kuiiga. Nataka watoto hawa wajue kwamba kazi hiyo ya subira inaanzia kwenye mti wanaoupita kila siku. Mwalimu wa zamu alitaka darasa lake.

Alhamisi. Nilipiga simu maabara moja ya Nairobi ili kitone chetu kipimwe, tujue kando ya yujenoli kuna nini na kwa kiasi gani. Mashine inangoja gesi. Gesi ikija, fomu itahitaji muhuri wa shule. Muhuri uko kwa karani, naye amekwenda Lamu arusini.