Jinsi ya Kumnyang'anya Mtoto Piano Kabla ya Mtihani

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Kipande cha piano nacho kikipigwa kutoka juu hadi chini kila jioni, mwezi baada ya mwezi, hupasuka vilevile, ila hakitoi mshindo. Utakitambua kwa jambo moja: noti zote zipo, mtoto hayupo.

Mwongozo huu ni wa mzazi ambaye mtoto wake amesajiliwa mtihani wa ABRSM, ile bodi ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo mitihani yake hufanywa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Ada imelipwa, tarehe imetoka, na nyumba nzima sasa inavijua vile vipande vitatu vya mtihani, hadi majirani wanavipiga mluzi wakianika nguo. Unajiuliza kama mtoto anaweza kuzidisha mazoezi. Anaweza. Tena mara nyingi anayemzidishia ni sisi wazazi. Yafuatayo ni maagizo saba, na ninaomba uyafuate hata yale yatakayokukera.

1. Ficha kitabu. Kwanza angalia dalili. Je, kipande kinakwenda mbio zaidi kila wiki bila mtu kuamuru? Je, kosa ni lilelile, mahali palepale, na mtoto analipita bila kushtuka? Je, anatazama dirishani huku vidole vikiendelea na kazi? Ukiona haya, weka kitabu juu ya kabati kwa siku mbili. Hutapoteza kitu. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake walionyesha kwamba watu waliojifunza mfuatano wa kugonga kwa vidole waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa takriban asilimia 20, bila kugusa chochote usiku huo. Usingizi nao ni mazoezi. Mpeleke mtoto kitandani mapema.

2. Piga hesabu ya alama. Mtihani wa kawaida wa vitendo una alama 150. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, jumla 90. Skeli na arpegio zina 21, kusoma noti ambazo mtoto hajawahi kuziona 21, na majaribio ya masikio 18. Kufaulu ni 100. Sasa soma tena: mtoto atakayepiga vipande vyake bila dosari hata moja, akapata zote 90, kisha asipate hata alama moja kwingine, amefeli. Alama 60 zimelala nje ya vipande vile unavyomhimiza avirudie. Zifuate huko ziliko.

Kama umemsajili mtihani wa kurekodi kwa video, ulioanza mwaka 2020, hesabu ni nyingine. Hapo ni vipande vinne vinavyorekodiwa mfululizo bila kukata, na alama 30 za mwisho hupewa onyesho zima. Mtoto aliyechoka na vipande vyake huonekana kwenye kioo kabla hajamaliza cha pili.

3. Mkatize. Ingia chumbani katikati ya wimbo, mwombe asimame, kisha mwambie aendelee kutoka palepale. Akishindwa, akataka kurudi mwanzo, umegundua kwamba kipande anacho vidoleni tu. Mtoto wa namna hiyo ni kama mtu mwenye nyumba ya mlango mmoja: mlango ukikwama, analala nje. Na mbele ya mtahini mlango hukwama. Kiti ni kirefu, piano ni ngeni, mikono ina jasho. Kwa hiyo mzoeze kuanzia mstari wa mwisho, kesho wa pili kutoka mwisho, keshokutwa popote atakapoelekeza kidole akiwa amefumba macho.

4. Piga marufuku kuanza mwanzo. Robert Duke na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu wapiga piano 17 wa ngazi ya juu. Kila mmoja alipewa kipande kifupi cha koncheto ya kwanza ya piano ya Dmitri Shostakovich, akajifunza kwa muda autakao, akarudi kesho yake kukipiga. Idadi ya marudio haikuwatofautisha hodari na wengine. Dakika walizotumia nazo hazikuwatofautisha. Waliofanya vizuri zaidi walikosea kama wenzao, lakini kosa likitokea walilikamata: walijua ni lipi na liko wapi, wakapunguza kasi pale, wakalirekebisha mpaka likatoweka, ndipo wakaendelea.

Basi jioni ya leo iwe ya mstari mmoja. Polepole, mkono wa kushoto peke yake ikibidi, mpaka utoke sawa mara kadhaa. Kisha afunge piano akacheze. Dakika 10 za namna hii zina thamani kuliko saa nzima ya kupita juu ya kosa lilelile, kwa sababu kosa linalorudiwa nalo linajifunzwa.

5. Vuruga ratiba. Andika vipande, skeli na mazoezi ya kusoma kwenye vikaratasi, vitie kwenye bakuli, mtoto achomoe kimoja baada ya kingine. Sebuleni utasikia vurugu na utadhani amerudi nyuma. Vumilia. Tangu utafiti wa John Shea na Robyn Morgan wa mwaka 1979, inajulikana kwamba anayechanganya mazoezi huonekana dhaifu wakati wa kujifunza, lakini baadaye hukumbuka vizuri kuliko aliyerudia kitu kimoja mfululizo. Kila anapobadilisha kazi, kichwa kinalazimika kuanza upya, na mtihani utamdai hilohilo: skeli, kisha kipande, kisha noti asizozijua.

6. Mletee muziki usio na alama. Katika kusoma noti mpya, mtahini humpa mtoto nusu dakika ya kuutazama ukurasa, kisha apige. Mtoto ambaye mwaka mzima amesoma kurasa tatu pekee atasoma nini hapo? Kila siku mwekee mbele kitu kidogo, chepesi kuliko kiwango chake, apige mara moja na kukiacha. Mwombe pia atafute kwa sikio wimbo anaoupenda bibi yake, au ule wa kwaya ya Jumapili, au taarabu inayotoka redioni. Huo ndio ufundi wa masikio ambao alama 18 zinautafuta, na mtoto ataufanya akicheka.

7. Acha kusema "Rudia!" Neno hilo hutoka jikoni, mwiko ukiwa mkononi, na mtoto hajui arudie nini wala kwa nini. Anachosikia ni kwamba hajatosha. Akikuuliza, "Mama, imekuwaje?" jibu kwa jambo moja alilolifanya: "Mwanangu, pale mwishoni ulikuwa kama unaogopa kufika. Hebu tusikie pale tu." Kama hukusikia kitu, usijibu kitu, kaa karibu naye tu. Hofu ya mtihani aghalabu ni yetu: sisi ndio tunaohesabu ada, sisi ndio tunaosikia kwamba mtoto wa fulani amepata daraja la juu. Mtoto wa miaka minane hakuizaa hofu hiyo, na si haki kumtwika.

Siku yenyewe, apige kila kipande mara moja, taratibu, ale, mwende. Mtihani wa gredi ya 1 huchukua kama dakika 12.

Baada ya matokeo, usikimbilie kumsajili gredi inayofuata. Vipande vitatu kwa gredi, kwa gredi tano, ni vipande 15 tu. Mtoto anaweza kuwa na vyeti vitano ukutani na asiwe na wimbo wa kumpigia mgeni aliyekuja kula pilau. Amejifunza kufanya mitihani, na muziki bado unamsubiri. Hivyo nenda kwa mwalimu wake ukamwambie waziwazi: "Mwalimu, muhula huu tunaomba nyimbo nyingi, fupi, za kila aina. Gredi itangoja."