Barua kwa Walezi wa Maji Yetu

Kwa Waheshimiwa Wasimamizi wa Maji, Nairobi.

KUH: SIKU YA WAZAZI, BWAWA LA NDAKAINI

Hapa Kayole siku yetu ya mgao wa maji ni Alhamisi, na Alhamisi iliyopita mfereji haukututupa: ulikohoa, ukapiga mluzi, ukapuliza hewa hadi alfajiri. Mita nayo ikazunguka kwa furaha. Hewa hiyo tutailipia kama kawaida, na kuhusu ubora wake hatuna malalamiko.

Kwamba maji yapo, hilo twalijua. Bwawa la Ndakaini lilikamilika 1994 na linabeba mita za ujazo milioni 70. Mlipoona hazitoshi, mkatoboa njia ya kilomita 11.8 chini ya ardhi ili mito ya Maragua, Gikigie na Irati nayo ichangie. Maji yanateremka hadi Ng'ethu kusafishwa, yanaingia matangi ya Gigiri, na hapo, yakishazoea ujirani wa mabalozi, nadhani safari ya Kayole huyachosha.

Basi ombi letu ni hili. Maji mmeyaweka bweni huko Gatanga, liliko bwawa, karo tunatoa kila mwezi, na sijasikia shule ya bweni isiyokuwa na siku ya wazazi. Tupeni Jumamosi moja kwa muhula. Tutapanda basi alfajiri, tumevaa vizuri, na wanaume tutakuwa tumeoga kwa kikombe. Langoni kila mtu ataonyesha bili yake. Bwawa lenyewe ligawanywe kwa kamba na maboya, kila mtaa uone fungu lake: Donholm pale, Dandora kule, Kayole hata kama ni kwenye kona yenye magugu. Afisa mmoja mwenye sauti nzuri atutambulishe: "Maji, hawa ndio wanaokulipia." Tutapiga picha. Mwenye akaunti safi aruhusiwe kuchovya kidole kimoja; mwenye deni atazame kutoka juu ya ukuta. Tukitoka, walinzi wapekue mikoba, maana kuna akina mama watakaokuja na chupa za chai zisizo na chai. Jioni tupewe ripoti ya muhula: maji yana tabia njema, yametulia, hayatoki nje ovyo.

Msituambie kwamba eneo hilo halifai kwa wageni. Mbio za nusu marathoni zimewahi kufanyika kulizunguka bwawa hilo hilo, watu wakikimbia wakiyatazama maji. Tungeshiriki pia kama mngeanzisha kundi la wakimbiaji wenye mtungi wa lita 20 kila mkono. Mazoezi tumefanya, hadi ghorofa ya nne.

Yaliyobaki ni madogo. Msoma mita, ambaye hajawahi kukosa siku yake hata mvua inyeshe vipi, apewe pia kazi ya kuyaleta maji. Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachotuahidi maji safi ya kutosha, kiingizwe kwenye ratiba, kitumike Alhamisi pekee. Na kuhusu maji ya chini ya ardhi, ambayo Sheria ya Maji ya 2016 inasema serikali ya kitaifa inatushikia kwa amana, pongezi: yameshikwa kwelikweli. Wanaoyafikia ni wenye pesa za kuchimba visima, na kila kisima kipya huenda chini kuliko cha jirani kwa sababu cha jirani kimeshanyonya ya juu. Sisi twaletewa kwa mkokoteni, shilingi 20 mtungi, 50 hali ikiwa mbaya, pamoja na floraidi ya bure inayowapaka watoto meno rangi ya chai.

Mgao huu ulianza Januari 2017, mkatuambia ni ukame. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa anaisoma ratiba mwenyewe. Mvua ikikosa, bwawa limekauka. Mvua ikinyesha, maji yana tope, au bomba limesombwa, au umeme umekatika. Mwaka 2024 masika yalilijaza bwawa pomoni, na maji ya kwanza kutufikia bila ratiba yaliingia kwa mlango, usiku. Mathare yaliondoka na watu. Na bado ya kunywa tulinunua kwa mtungi, vyombo vikielea sebuleni. Saba, minane, miaka inapita, na nyinyi hamna hata haya ya kubadilisha kisingizio!

Niwieni radhi. Nilikuwa kwenye suala la Jumamosi.

Tunapendekeza ziara ya kwanza iwe ya Kayole, kwa kuwa ndio tumeandika. Wenyeji wa Gatanga nao waalikwe. Wapo wanaoliona bwawa kila asubuhi wakielekea mtoni na mitungi. Chakula tutabeba wenyewe, chapati na kuku. Maji ya kunawa, tunaomba mtusaidie, ingawa tutakuja na yetu, isije ikaangukia siku ambayo si zamu ya bwawa.

Jibu likiwa tayari, tafadhali lisipitie kwenye bomba.

Wenu mtiifu,
Mzazi wa Maji, Kayole