Marehemu Pekupeku

Viatu vyangu viliibwa Jumamosi iliyopita, saa tano asubuhi, katikati ya soko mjini Kitwe, mbele ya umati wa watu, nami nimevivaa. Sikupiga kelele wala sikumfukuza mwizi, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekufa.

Kozi yetu ya umisheni ina vijana wa Ulaya, wa Brazili, wa Afrika Kusini, na mimi wa Fungurume, Kongo. Wengi hawana Kibemba hata cha kuombea maji ya kunywa, kwa hiyo Injili tunaihubiri kwa mwili. Kuna mchezo wa bubu, halisemwi neno, na nakubali kwamba umetungwa na fundi. Muziki ndio unaoongoza kila kitu. Fidla zikianza, kijana anaaga kwao. Ngoma zikiingia, walevi wanamzunguka na chupa. Kengele ikigonga mara moja, anaanguka, amekufa. Hapo kinanda kinapiga polepole, peke yake, muda mrefu kuliko unavyodhani binadamu anaweza kuvumilia, ili watazamaji watafakari maisha yao. Kisha tarumbeta inalia, Yesu anamshika marehemu mkono, marehemu anasimama, wote wanaruka. Hakuna anayehesabu moyoni, hakuna anayekonyezana na mwenzake, sikio tu. Ukiwa na spika moja na nguo nyeusi unaweza kuupeleka mchezo huo nchi yoyote duniani bila mkalimani.

Yesu ni Mnorwe mmoja mrefu. Amechaguliwa kwa sababu ya nywele, ingawa hakuna aliyetamka habari ya nywele. Malaika ni Waholanzi. Mlevi, mwizi na maiti ni mimi. Niliwahi kuomba nibadilishiwe, hata malaika wa nyuma ningekubali. Mkufunzi alinishika bega, akasema kwa upole kwamba ninakufa vizuri.

Basi Jumamosi nikafa vizuri. Nimelala chali, macho nimefumba, kinanda kinalia, nasikia akina mama wakisogea na vikapu vyao. Ghafla kinanda kikakatika. Spika imezima.

Lazima niseme habari za umeme. Tangu ukame wa 2024 upunguze mno maji ya bwawa la Kariba, hapa Zambia umeme umekuwa mgeni wa usiku: unakuja kwa saa chache, na hizo saa chache chuoni kwetu zinagombewa na simu, pasi, na mashine ya kunyolea ya mkufunzi. Spika huwa ya mwisho kwenye foleni. Mtu wa Fungurume akilazwa gizani hana jingine la kuwaza ila umeme, na mimi pale chini niliwaza nguzo za kwetu. Kuna laini ya umeme inayotoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, kilometa kama 1,700, iliyomalizika 1982. Inabeba mkondo mnyoofu, na mkondo wa aina hiyo hauchotwi njiani kwa kufunga transfoma juu ya mti. Unahitaji kituo kikubwa cha kuugeuza kwanza, nacho kiko kwenye kila ncha, kule unakoingia na kule unakotokea. Katikati, wanakijiji wanaziona nguzo, wanazizungushia mahindi yao, na jioni wanawasha vibatari chini yake. Kuna hili pia: bwawa la Nseke, ambalo Wabelgiji waliliita Le Marinel, lilianza kazi kwenye mto Lualaba mwaka 1956, na umeme wake ukavuka mpaka kuja kuendesha migodi ya huku, kabla Kariba haijazaliwa. Kwa maneno mengine, mji ambao nililala ndani yake nikiwa maiti kwa kukosa umeme uliwahi kuwashiwa taa na mto wa kwetu. Nilikuwa nimefika hapo katika kuwaza niliposikia kamba ya kiatu inafunguliwa.

Ilifunguliwa taratibu, kwa adabu, kama nesi anavyofungua bandeji. Kwanza cha kushoto. Yule mtu alishika kisigino changu kwa kiganja asije akakiangusha chini, akakilaza vizuri, akahamia cha kulia. Ni viatu vya ngozi ya kahawia ambavyo fundi mmoja wa Likasi alivishona upya soli kwa uzi wa kijani, kwa kuwa uzi mweusi ulikuwa umemwishia. Nilifungua jicho moja kidogo. Mnorwe alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja mbele, uso umejaa huruma, anasubiri tarumbeta. Alituambia mazoezini kwamba asiyetii muziki anaharibu ujumbe. Na watu walikuwa wanakuja. Mama mmoja alivua kitenge akanifunika uso. Mwingine akaniwekea kifuani noti, na wengine wakafuata, maana Wabemba kama sisi hawamwachi mfiwa mikono mitupu. Nilisikia wakiulizana huyu ni mtoto wa nani.

Mwishowe nikafufuka bila tarumbeta. Nilikaa kitako, kitenge usoni, noti zikidondoka. Mama mwenye kitenge alipiga yowe ambalo bado lipo sikioni, soko likatawanyika, na wa kwanza kukimbia kati ya watu wetu alikuwa yule Mnorwe. Hela za rambirambi ziliingizwa kwenye mfuko wa sadaka. Nilipotaja viatu, niliambiwa tusijiwekee hazina duniani.

Jumatatu niliviona kwenye meza ya salaula, yaani mitumba, mtaa wa pili kutoka hapo, uzi wa kijani unang'aa. Muuzaji alivipangusa kwa mkono wa shati. “Chukua, kaka,” akaniambia, “hivi ni vya marehemu, hakuna atakayekuja kuvidai.” Tukapatana bei.

Ningeishia hapo, lakini Alhamisi rafiki alinionyesha barua.

Kila mwanafunzi wa kozi hii huwaandikia wafadhili wake kila mwezi, na utaratibu wenyewe una ukoo mrefu. Karne ya 19 George Müller alilea yatima kwa maelfu huko Bristol bila kumwomba mtu senti moja. Alipiga magoti tu. Hudson Taylor akaichukua kanuni hiyo alipoanzisha misheni yake ya China mwaka 1865: hakuna mshahara wa uhakika, hakuna kupitisha bakuli. Frederick Arnot, Mskoti, alikuja kwetu kwa imani ya namna hiyo hiyo, akafika Bunkeya kwa mfalme Msiri tarehe 14 Februari 1886. Ila Müller, pamoja na kutokuomba, kila mwaka alichapisha ripoti ya jinsi Mungu alivyomjalia, na wasomaji wa ripoti walikuwa na mifuko. Huo ndio ustadi ninaouheshimu: huombi, unaarifu. Siku hizi barua ina picha juu, kisa kifupi cha mtu mmoja, hali ya hewa, hoja tatu za maombi, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, namba ya akaunti. Picha ndiyo nguzo. Bila picha fungu halitoki.

Picha ya barua ile ilikuwa miguu yangu. Miguu mitupu, vumbi kwenye nyayo, pembe ya kitenge, na kivuli cha Mnorwe. Chini yake: “Kijana wa Kiafrika asiye na viatu, tukimwombea sokoni.” Soma neno kwa neno, hakuna uongo hata mmoja. Mwandishi ni msichana mwema anayenipakia jamu yake kwenye mkate wangu. Watu wa kanisa lao waliguswa, wamechangia katoni nzima ya viatu. Niliuliza kama ndani yake kuna namba 42. Ni vya watoto.

Na mimi huandika barua. Ada yangu ilichangwa Fungurume, na wachimbaji wanaoshuka shimoni kwa kamba, na akina mama wauza sombe, noti za franka zilizolowa jasho, kanisa zima likazihesabu mezani. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na Fungurume imekaa juu ya fungu lake nene. Sitashangaa kama betri ya simu iliyopiga picha miguu yangu imenitangulia kutoka kwetu. Niliwatumia picha ya Mnorwe akiungua vidole kwa bukari, ugali wetu. Hakuna aliyechanga. Waliuliza tu kama kijana huyo ana wazazi. Kwenye orodha ya darasa mimi ni mwanafunzi na nimelipa kama wenzangu. Kwenye barua zao zote mimi ni kazi yao, na nimechoka.

Kuna pia siku niliyowekewa mikono ili nitokwe na pepo la usingizi, na siku ya mbuzi katika bwawa la ubatizo. Hizo ni ndogo.

Sasa imeamuliwa kwamba huduma ya vitendo ifanyike Kongo, Fungurume. Msiri, inasemekana, alimsubirisha Arnot nje ya mji mpaka waganga wapime kama moyo wake ni safi. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na ubalozi, nao unataka barua ya dhamana ya mwenyeji, yenye sahihi na mihuri, ya mtu atakayeapa kwamba wageni hawa watalala kwake, watakula kwake, na wakiugua atawatibu. Msimamizi wa kozi alikuja kunitafuta mwenyewe, tabasamu mpaka masikioni. Hivyo mtu wa kuwadhamini Wanorwe na Waholanzi ni mjomba wangu, mwenye vyumba viwili nyuma ya reli.

Nilimpigia. “Jambo yenu, mjomba.” Nikamweleza yote, mihuri, vitanda, maji ya kuchemsha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Hao bazungu banakulaka bukari?”

Nikamwambia wanakula, isipokuwa kuna mmoja hagusi kabisa kitu cha ngano.

“Basi huyo aje,” akasema. “Mukate imepanda bei.”