Mto Tumeuvuka, Mheshimiwa Je?

Kabla ya 2003, msafiri wa Lindi alisota Ndundu akingoja kivuko cha Rufiji. Ikaja Daraja la Mkapa, karibu mita 970, ili asingoje tena. Sasa tunangoja msafara wa mheshimiwa upite. Pita Nyamwage msimu wa kampeni: njia panda ya Utete imefurika bodaboda, matawi ya mwarobaini kwenye taa, mshikaki wa watu wanne, kofia ya chama kichwani, helmeti inaning'inia kwenye usukani. Dereva wa basi amezima injini. Trafiki, yule yule mkali wa spidi 50, leo anapunga mkono na kutabasamu. Tatizo, mafuta ya bure wanayopewa bodaboda kwa mapokezi huwa ya kwenda tu. Ndugu msafiri, wahi asubuhi. Jioni utawakuta wanasukuma pikipiki.