Sifa za Waranti ya Nyongeza

Wako watu wasioona mbali. Wananunua kamera, wanapewa waranti ya kiwanda ya miezi 12, wanaridhika na kuondoka. Mwerevu hubaki kaunta. Muuzaji aliyekuwa akiapa sasa hivi kwamba mashine hii haijui kuharibika anashusha sauti na kumtajia yote yanayoweza kuiua kabla mwaka wa pili haujaisha. Huruma ya namna hiyo hata mama mkwe hana.

Ukilipa, unapewa karatasi yenye mhuri. Inakinga kila kitu, isipokuwa kuanguka, maji, mchanga, umeme kupanda na kushuka, kioo kupasuka, betri kuchoka na skrubu kuguswa na fundi wa mtaani. Wenye kulalamika hawajui adabu: kamera iliyolelewa vizuri hufa kifo cha kawaida, kabatini, ndani ya boksi lake. Boksi lenyewe usilitupe, wataliulizia, pamoja na ile risiti ambayo maandishi yake hufifia yenyewe kabla hujapata shida.

Tuwaonee huruma wanunuzi wa Umoja wa Ulaya. Huko sheria inamtwika muuzaji kasoro zilizokuja na bidhaa kwa miaka 2, mteja asitoe hata senti ya ziada. Raha gani hiyo, kulindwa bila kulipia?

Kwa hiyo lipeni, ndugu zangu, tena msibane mkono. Na mkishafika nyumbani, kamera isiguswe.